Ufunguo wa Tovuti ni Mali ya Chama



Kila chama cha msingi mkoani Singida chajua thamani ya ufunguo wa ghala. Alizeti na dengu za wanachama zikiisha kupimwa na kuhifadhiwa, hapana atakayekubali ufunguo ulale mfukoni mwa mtu asiyewajibika kwa kamati. Lakini chama kikifungua tovuti, ni rahisi ufunguo wake kuachwa kwa fundi aliyeitengeneza. Fundi huyo akihama, chama hubaki nje ya nyumba yake chenyewe.

Kuweka tovuti ni kupanga nafasi katika kompyuta ya mwingine isiyozimwa usiku wala mchana, iitwayo seva. Seva yaweza kuwa Dar es Salaam au ng'ambo. Katibu aliyeko Manyoni huandika amri katika kompyuta yake, nayo seva hutii. Hapo zamani neno la siri lilipita njiani likiwa wazi, na mdukuzi aliweza kulinasa. Mwaka 1995, baada ya maneno ya siri kuibwa katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Ufini, mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, alibuni njia iitwayo SSH. Kwa njia hiyo kila neno hufumbwa kabla ya kuondoka, na hufumbuliwa likiisha fika.

Katibu atakaye kuitumia hana budi kuzingatia mambo manne.

Kwanza, amwulize mwenye seva kama mkataba unairuhusu SSH, kwani wengine huifunga mpaka mteja aombe.

Pili, siku ya kwanza kompyuta itamwonyesha alama ya utambulisho wa seva na kumwuliza kama anaikubali. Asikubali kwa haraka, bali ailinganishe na alama aliyopewa na mwenye seva. Alama hiyo ikibadilika ghafla baadaye, asiendelee mpaka apate maelezo.

Tatu, itumike jozi ya funguo badala ya neno la siri. Ufunguo wa wazi huwekwa katika seva. Ufunguo wa siri hubaki katika kompyuta ya mwenyewe, nao hautumwi kwa mtu yeyote. Kila aliyeruhusiwa awe na jozi yake. Katika seva, kila ufunguo wa wazi huandikwa katika mstari wake. Mtu akiacha kazi, mstari wake hufutwa siku hiyo hiyo, na wenzake huendelea bila kubadili chochote.

Nne, akaunti na jina la tovuti viandikishwe kwa jina la chama. Orodha ya wenye funguo iwekwe katika kumbukumbu za kamati, na nakala ya yaliyomo katika seva ihifadhiwe ofisini.

Haya si mambo ya fundi peke yake. Majina, namba za simu na malipo ya wanachama yakiwekwa katika seva, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hukitaka chama kuyalinda.

SSH huilinda njia tu. Haiwezi kujua kama aliyeshika ufunguo angali mtumishi wa chama. Hiyo ni kazi ya kamati, na yafaa swali liulizwe katika kikao kijacho: ni nani aliye na ufunguo, na ni nani aliyempa?