Mlango wa Chuo Kikuu Hufunguliwa Kidato cha Tatu



Mwaka 1982 gesi asilia iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi, karibu na Msimbati, kaskazini ya mlango wa mto Ruvuma. Mwaka 2015 bomba la kuisafirisha kutoka Madimba hadi Dar es Salaam lilikamilika. Hata hivyo, mtoto wa mvuvi wa Msimbati anayeacha somo la Fizikia kidato cha tatu huwa amejifungia, bila kujua, njia ya kuwa mhandisi wa gesi hiyo inayochimbwa jirani na kijiji chake. Hilo ndilo jambo linalostahili kutafakariwa na kila mwenye dhamana ya elimu katika pwani ya Mtwara.

Yafaa ikumbukwe kwamba masharti ya kuingia chuo kikuu yamekuwa yakibadilika. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilimtaka mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza, kisha apate mapendekezo ya tawi la Chama na ya mwajiri wake. Utaratibu huo ulikwisha kuachwa, na sasa kipimo kikubwa ni matokeo ya mitihani. Kwa mujibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mwombaji wa shahada ya kwanza anayetoka kidato cha sita hana budi awe amepata kati ya A na E katika masomo mawili yanayohusiana na fani anayoiomba, na jumla ya pointi zake isipungue 4. A huhesabiwa pointi 5, E pointi 1.

Neno zito hapo ni “yanayohusiana”. Uhandisi hudai Fizikia na Hisabati. Udaktari wa binadamu hudai Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu. Kijana mwenye A mbili za Historia na Kiswahili amefaulu vema, lakini huko hapokewi. Masomo ya kidato cha tano nayo hutegemea matokeo ya kidato cha nne, ambako hutakiwa angalau masomo matatu yenye C au zaidi. Na uamuzi wa kuacha sayansi, kwa miaka mingi, umekuwa ukifanywa mwanzoni mwa kidato cha tatu, mara nyingi kwa mtoto kuwafuata rafiki zake tu. Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi.

Pwani hii ina vikwazo vyake pia. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, hukutana na mtihani wa kidato cha nne wa Novemba. Si haki kumlaumu mzazi anayemwita mwanawe shambani, maana korosho ndiyo sare, ndiyo nauli, ndiyo chakula. Linalowezekana ni shule na serikali ya kijiji kupatana kabla ya msimu kwamba watahiniwa wasiitwe kuokota, na kwamba shughuli za jando na unyago zifanyike ndani ya likizo.

Watumishi wa kata na vijiji nao wana sehemu yao. Mwombaji wa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, na yatima hutakiwa kuwa na cheti cha kifo cha mzazi. Jina lililoandikwa hivi shuleni na vile kwenye cheti huweza kumponza kijana aliyefaulu. Kazi ya kusahihisha hayo ifanyike kidato cha kwanza, si wiki ya mwisho ya maombi.

Aidha, wanafunzi waelezwe kwamba ipo njia ya pili. Mwenye stashahada ya wastani wa 3.0, aliyefaulu masomo manne ya kidato cha nne, naye huweza kuomba shahada katika fani inayolingana na stashahada yake.

Ada ya shule za sekondari za Serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na sita mwaka 2022. Kinachowapungukia wengi sasa ni kuijua njia. Basi kila shule iwaite wazazi kabla ya masomo kuchaguliwa, iwasomee masharti haya kwa lugha nyepesi, na iyabandike ukutani. Mtoto akichagua kuacha Fizikia baada ya hapo, awe ameacha akijua anachokiacha.