Mgongo wa Mtoto na Eksirei za Mara kwa Mara

Mtoto mwenye uti wa mgongo uliopinda hufuatiliwa kwa miaka, na kila eksirei humwongezea mionzi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000, uliohusu wagonjwa wa kike zaidi ya 5,000 waliopigwa eksirei 25 hivi kwa wastani, ulikuta vifo vya saratani ya matiti vimezidi kiwango cha kawaida kwa asilimia 70 hivi. Kweli, mashine za leo hutoa mionzi kidogo zaidi, na kabla ya upasuaji eksirei bado ni ya lazima. Lakini katika ufuatiliaji wa kabla ya hapo altrasaundi, teknolojia ile ile ya kliniki za wajawazito, yaweza kufuatilia mpindo ikitumiwa na mpimaji aliyefunzwa. Mzazi, ili kuugundua mpindo mapema, mwinamishe mwanao, mikono ikining'inia. Upande mmoja wa mbavu ukiinuka kuliko mwingine, mpeleke hospitali.