Mtoto Mkorofi Ametoka Wapi?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia



Mmeniomba niongee juu ya watoto wanaovunja sheria: wale wanaoiba kuku, wanaovuta gundi sokoni, wanaokimbilia mjini kuwa chokora. Tukiketi barazani tunasema haraka, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Halafu tunanyamaza, kana kwamba kesi imekwisha. Kumbe tumemhukumu mama peke yake! Huyo mama ametoka alfajiri kwenda kuchuma chai ya watu, amerudi jioni. Baba je? Mjomba je? Jirani je?

Zamani mtoto alikuwa na walinzi wengi. Nyanya alimfunza kwa hadithi, mjomba alimkanya. Katika makabila yetu mengi vijana waliotahiriwa pamoja walikuwa rika moja, na mmoja akikosa, wote waliona aibu. Sisemi mambo yote ya zamani yalikuwa mema, maana kulikuwa na viboko, na wasichana waliozwa mapema. Lakini hapakukosa mtu wa kumwuliza mtoto, "Leo umeshinda wapi?"

Ni nini kilichovunja boma hilo?

Kwanza, kazi za mbali. Serikali ya kikoloni ilileta kodi ya nyumba mwaka wa 1901, na wanaume wakalazimika kutafuta pesa kwa walowezi na mijini. Mishahara na vyumba vingi vya Nairobi vilipimwa kwa mwanamume peke yake, mke na watoto wakabaki nyumbani. Uhuru ulikuja 1963, lakini baba wengi bado huonekana Krismasi tu.

Pili, ardhi. Chukueni mfano wa babu mwenye ekari 10 na wana 5. Kila mmoja alipata ekari 2. Mjukuu naye atarithi nini? Kijana asiyeona mahali pake nyumbani hasikii tena sauti ya nyumbani.

Tatu, vifo na pombe. Ukimwi uliwaachia nyanya wengi mzigo wa kulea wakiwa wamechoka. Na changaa nayo imemwondoa baba hata kama analala hapo hapo.

Nne, shule. Karo ya shule za msingi za serikali iliondolewa Januari 2003. Hata hivyo, kuna mtoto anayekosa shule kwa ajili ya sare au pesa za mtihani. Jumatatu anakaa nyumbani, Jumatano anaona haya kurudi, wiki ya tatu yuko sokoni anabeba mizigo. Huko anapata shilingi, na anapata wakubwa wanaomwita kwa jina. Sasa amepata rika jipya! Sisi tunaliita genge.

Tusidhani askari atatumalizia shida hii. Sheria ya uzururaji ilitumika kuwakamata mijini hata watoto ambao kosa lao lilikuwa umaskini, mpaka ikafutwa 1997. Na Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hahesabiwi kuwa na kosa la jinai. Zamani ilikuwa miaka 8. Basi mtoto wa miaka 10 aliyeiba kuku anarudi kwa afisa wa watoto, na anarudi kwetu.

Naomba kila kikundi kifanye mambo mawili. Mkimaliza kukusanya mchango, ulizeni: ni mtoto gani hajaonekana shuleni wiki hii? Wawili waende kwao, wasiende kugombana. Tena tengeni sehemu ya mchango ya kukopesha mzazi anunue sare. Sare ni rahisi kuliko kesi. Mkono mmoja haulei mwana.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Hapa kwetu, ni nani sasa anayemkanya mtoto asiye wake? Kama hakuna, tuliacha lini, na kwa nini?
2. Watoto wanaoshinda sokoni ni wa nyumba zipi? Nani wetu amewahi kwenda huko?
3. Akina baba wanaofanya kazi mbali wanaweza kufanya nini kila wiki?