Baiskeli Polepole, Akili Tulivu

Hotuba kwa wakazi kuhusu afya ya akili



Katika maboma mengi kuna baiskeli iliyoegemezwa ukutani, magurudumu yameisha upepo na mnyororo umeshika kutu. Tangu pikipiki zienee, baiskeli imehesabiwa kuwa chombo cha asiyejiweza. Ilhali jina bodaboda lilianza na baiskeli zilizobeba abiria na mizigo katika mpaka wa Busia. Chombo hicho hicho kinaweza kusaidia kutunza akili.

Mtu anaponyonga baiskeli taratibu, moyo huongeza mapigo kidogo na damu nyingi zaidi hufika kwenye ubongo ikiwa na oksijeni. Mwili hutoa kemikali kama endofini, ambayo hupunguza maumivu, na serotonini na dopamini, ambazo huhusika na hisia, usingizi na hamu ya kufanya kazi. Ndiyo sababu mtu aliyeondoka nyumbani akiwa na hasira mara nyingi hurudi ametulia.

Ubongo pia hutoa mawimbi madogo ya umeme. Daktari Mjerumani, Hans Berger, aliyarekodi kwa binadamu mwaka wa 1924. Mawimbi aliyoyaita alfa huonekana zaidi mtu akiwa macho lakini ametulia. Watafiti waliopima watu baada ya mazoezi wameona mara nyingi mawimbi hayo yakiongezeka, pamoja na mabadiliko mengine katika ubongo.

Je, polepole ni kasi gani? Kipimo ni rahisi: mwendeshaji aweze kuzungumza bila kuhema, ila kuimba kumshinde. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kila wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano. Asiyezoea aanze na dakika 10, kisha aongeze kidogo kidogo. Akianza kwa kasi kubwa, atachoka, ataumia na kuacha.

Kuna atakayesema kuwa yeye hubeba mitungi ya maji kwa baiskeli kutwa nzima na bado ana mawazo. Ni kweli. Mzigo mzito, jua kali na wasiwasi wa mapato havipumzishi akili. Huyo pia anahitaji muda mfupi wa kuendesha bila mzigo na bila haraka, jioni jua linapopoa, pengine na jirani wa kuzungumza naye.

Hata hivyo, baiskeli haichukui nafasi ya matibabu. Mtu aliyekosa furaha, usingizi au hamu ya kula kwa wiki mbili au zaidi aende katika zahanati au kituo cha afya, au amwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake. Anayewaza kujidhuru asiachwe peke yake, na apelekwe hospitalini mara moja. Anayetumia dawa asiziache kwa kuwa ameanza mazoezi. Mwenye ugonjwa wa moyo, maumivu ya kifua au kizunguzungu apate kwanza ushauri wa daktari.

Usalama nao usipuuzwe. Mwendeshaji akague breki na upepo, avae kofia ya usalama na nguo inayoonekana kwa mbali, akae upande wa kushoto wa barabara, na awashe taa giza linapoingia. Wenye magari na pikipiki nao wampe nafasi, kwani naye ana haki ya kutumia barabara. Akina mama na wasichana pia wasizuiwe kwa kuchekwa. Ubongo wao hufaidika vilevile.

Baiskeli iliyoko nyumbani itiwe upepo, mnyororo upakwe mafuta, na wiki hii ianze kutumika.