Kung'arisha Gari Kuukuu Bila Kuacha Ukungu

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo walio katika kazi za karakana)



Leo tuzungumze juu ya kung'arisha rangi ya gari kuukuu kwa mashine. Mwenye pikapu iliyopauka anawaletea kazi. Fundi anapiga mashine, na jioni gari linang'aa kama kioo. Kesho yake, juani, mwenyewe anaona ukungu na alama za duara. Anarudi na ugomvi. Je, ukungu huo umetoka wapi?

Ukungu huo ni mikwaruzo midogo mno, maelfu kwa maelfu. Dawa ya kung'arishia ina chembe ngumu, kama msasa. Chembe kubwa hukwangua upesi, lakini huacha mikwaruzo yake. Mwanga ukipiga hapo hutawanyika, na jicho huona weupe.

Wengi wakiuona hukandamiza mashine zaidi. Hapo ndipo hasara inapoanza. Rangi yote iliyopakwa kiwandani, tangu kwenye bati mpaka juu, kwa kawaida ina unene wa milimita 0.1 hadi 0.15. Shikeni karatasi moja ya kawaida: unene wake ni karibu milimita 0.1. Kwa gari lenye vanishi, vanishi yenyewe ni kama nusu tu ya karatasi hiyo. Kung'arisha ni kukwangua, ndugu zangu, na rangi iliyoondoka hairudi. Bati likitokeza, kutu itaingia, na fedha ya kupaka rangi upya itatoka mfukoni mwa mtu.

Basi fuateni hatua hizi:

1. Osheni gari, likaushwe, likae kivulini mpaka bati lipoe. Mchanga mmoja tu chini ya sponji huchora gari zima.

2. Tieni dawa kidogo kwenye kitambaa cheupe, msugue mahali pa kificho. Kitambaa kikishika rangi ya gari, hapo juu hapana vanishi.

3. Jaribuni mahali pa sentimita 50 kwa 50. Anzeni na sponji laini na dawa laini. Ikishindwa, ndipo mtumie kali zaidi.

4. Bandikeni utepe wa karatasi kwenye kingo na pembe. Hapo rangi huisha upesi.

5. Msitumie grenda ya kukatia chuma. Grenda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya kung'arishia huhitaji kama 1,000 hadi 2,000 tu. Joto la grenda huunguza rangi.

6. Mkiwa mmetumia dawa kali, msiishie hapo. Futeni yote. Wekeni sponji nyingine, laini na safi, na dawa laini. Punguzeni mwendo, mkono uwe mwepesi, sponji ilale sawa. Ukungu huondoka kwa hatua hii, wala si kwa nguvu.

7. Safisheni sponji kila mnapomaliza mlango au boneti. Sponji iliyojaa rangi kuukuu huleta ukungu upya.

8. Dawa nyingine zina mafuta yanayoficha mikwaruzo. Changanyeni spiriti na maji nusu kwa nusu, mjaribu mahali padogo, kisha mfute. Halafu toeni gari juani mlitazame. Likiwa safi, pakeni nta.

Vaeni miwani, mzibe pua na mdomo. Rangi za zamani zaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Waya wa umeme upite begani, mbali na sponji.

Lipo jambo moja zaidi. Vanishi inayobanduka haiponi kwa mashine. Mwambieni mwenye gari ukweli kabla ya kupokea fedha yake.

Mmejifunza kusoma na kuandika. Tumieni elimu hiyo kazini. Someni maandishi ya kwenye kopo la dawa. Andikeni katika daftari: gari gani, dawa gani, sponji gani, mwendo gani, matokeo gani. Gari la pili la aina hiyo likija, hamtabahatisha.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
(a) Kwa nini kukandamiza mashine hakuondoi ukungu?
(b) Kwa nini gari litazamwe juani kabla ya kumkabidhi mwenyewe?

Kazi njema.