Lugha ya Mwenyeji ni Mali



Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji ataponaje iwapo mgeni hupita mbio, hupiga picha, kisha huondoka bila kujua hata neno la kumwamkia? Utalii wa namna hiyo haudumu. Utalii unaodumu ni ule unaoiacha fedha ya mgeni nyumbani mwa mwenyeji, na ufunguo wa nyumba hiyo ni lugha.

Mfano upo kwa jirani zetu wa Malawi. Katika wilaya ya Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la kisiasa. Leo ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili huwaunganisha sokoni na barazani. Mwaka 2014, mshairi Trésor Nzengu Mpauni, aliyekuwa mkimbizi kambini humo, alianzisha Tamasha la Tumaini. Wageni kutoka Lilongwe na ng'ambo hufika kusikiliza muziki, na baadhi yao hulala katika nyumba za wakimbizi, wakila walacho wenyeji wao.

Hapo ndipo Kiswahili kinapogeuka kuwa mali. Mgeni huyo hana budi kuomba maji, kushukuru na kuuliza bei. Mkimbizi, ambaye sheria zinambana asifanye kazi nje ya kambi, aweza kumfundisha hayo mlangoni pake, bila mtaji. Aidha, Julai 2023, Rais wa wakati huo, Lazarus Chakwera, alitangaza kwamba Kiswahili kitafundishwa katika shule za Malawi. Zanzibar nayo yaijua faida hiyo tangu zamani, kwani TAKILUKI imewafunza wageni wengi Kiswahili.

Ndugu askari, jambo hili lawahusu. Lugha ile ile inayomlisha mtu jioni yaweza kumtia mashakani asubuhi kizuizini, kwa kuwa tu imemtambulisha kuwa mtu wa kuja. Ulinzi hauhitaji hivyo. Iwe ni barabara ya Lilongwe au mpaka wetu wa Kasumulu, kagueni hati, msikague lafudhi. Mhalifu aweza kusema lugha yoyote. Mwalimu wa lugha akitishwa, hukimbia na riziki ya wengi.

Tena tukumbuke kwamba neno "serikali", tunayoitumikia, na neno "bandari", tunayoilinda, asili yake ni Kiajemi. Yaliletwa na wageni wa biashara, nasi tukayapokea yakawa yetu.

Askari ndiye mwenyeji wa kwanza anayeonana na mgeni. Salamu yake njema ndiyo somo la kwanza la Kiswahili.