HADITHI MOJA KWA MIDOMO MITATU
Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumzie "Utalii na Maendeleo ya Mkoa". Nilimwomba radhi, naye akakubali, nizungumzie jambo dogo zaidi ambalo nalifahamu kwa sababu ndilo linalonipatia riziki: kazi ya mtu anayesimama mbele ya wageni na kuwaeleza habari za msitu, ziwa, kaburi au tanuri la kale. Tena nina ombi kwenu. Nitalitoa mwishoni, ili asiwepo atakayetoroka mapema.

Kazi yetu haijapata hata jina lililotulia. Wengine hutuita waongoza watalii, kana kwamba kazi yenyewe ni kutangulia njiani. Wengine hutuita wakalimani, nasi mara nyingi tunaongea Kiswahili na wageni wa Kitanzania wenzetu. Mimi napenda kusema mweleza. Mwaka 1957 Mmarekani mmoja, Freeman Tilden, aliandika kitabu kizima juu ya kazi hii kwa ajili ya watumishi wa hifadhi za taifa za kwao. Shabaha yake ilikuwa kwamba mgeni asishindiliwe habari kama gunia la kahawa, bali aamshwe aanze kuona mwenyewe, na kile anachoambiwa kiguse maisha yake. Bibi zetu walilifahamu hilo karibu na jiko, bila kitabu.

Watu wa kazi hii na wahifadhi wenzao wana desturi ya kukutana. Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, wataalamu wa hifadhi walikusanyika Arusha, na hapo ndipo Mwalimu Nyerere alipotoa ile Ilani ya Arusha kuhusu wanyama pori. Miaka miwili baadaye, 1963, kikafunguliwa Chuo cha Mweka. Mwaka 2008 Baraza la Kimataifa la Majengo na Maeneo ya Kale, ICOMOS, lilikutana Québec, Kanada, na kupitisha mkataba juu ya namna ya kueleza urithi. Mkataba huo una kanuni saba, na ya tano inahusu uendelevu. Neno hili sasa limo katika kila karatasi ya kuombea fedha, hata limechakaa kidogo, lakini katika mkataba ule lina maana nzuri. Maelezo yetu na wageni wetu wasikimalize kile tunachokieleza. Na kazi iweze kuendelea baada ya mfadhili kufunga virago.

Sisi je, waeleza wa Bukoba na Muleba? Mimi na wenzangu ninaowafahamu hukutana stendi na bandarini, tukigombea mgeni mmoja.

Matokeo yake ni haya. Mtazameni mgeni aliyefika asubuhi, akasimama ufukoni Bukoba akiangalia kisiwa cha Musira pale mbele. Mweleza wa kwanza atamwambia kwamba zamani wezi walipelekwa kule wakaachwa wafe njaa. Wa pili atasema walikuwa wachawi. Wa tatu, aliye na haraka, atasema yote mawili na kuongeza mamba. Wote watatu wanasema kwa uhakika mkubwa, na hakuna hata mmoja anayesema aliambiwa na nani. Jioni mgeni anajua kwamba katika waliomweleza, angalau wawili hawajui. Hajui ni wawili gani, kwa hiyo anaacha kuwaamini wote.

Musira ni jambo la kuchekesha kidogo. Katuruka si la kuchekesha, nami nataka tukae hapo kwa muda.

Katuruka iko Maruku, kusini ya mji wa Bukoba. Ndipo mapokeo yanapoweka makao ya Mukama Rugomora Mahe, na ndipo ulipokuwa mti mkubwa wa Kaiija, ambao wazee walisema palikuwa mahali pa kufulia chuma. Mwaka 1970 mtafiti kutoka Marekani, Peter Schmidt, alisikiliza maneno yao akachimba walipomwelekeza. Akakuta masalio ya kazi ya chuma ya kale sana kuliko Rugomora Mahe mwenyewe. Fikirini jambo hilo, vijana. Watu wasiokuwa na maandishi walikuwa wametunza, kwa mdomo na kwa mti mmoja, kumbukumbu ya mahali pa kazi kwa mamia ya miaka.

Mwaka 1976, katika kijiji cha Nyungwe, wazee ambao baadhi yao waliiona kazi hiyo mara ya mwisho katika ujana wao walikubali kujenga tanuri tena. Shimo lilichimbwa na kukandikwa udongo wa kichuguu. Likajazwa majani ya bwawani yaliyounguzwa. Ukuta ukapandishwa kwa mabonge ya yale ambayo wahunzi huyaita mavi ya chuma (naona kidato cha kwanza kimeamka), mirija ya udongo ikaingizwa hadi ndani kabisa, na vijana wakapewa mivukuto. Mwanzoni walishindwa. Wakabishana, wakakumbushana, wakarudia, hata chuma kikapatikana. Mimi naona hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika habari hii, yaani wazee waliosahau nusu ya kazi wakaikusanya tena kwa kubishana, nalo ndilo jambo ambalo wageni hawaambiwi.

Septemba 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walitoa makala katika jarida la Science. Walisema kwamba hewa ilipata joto ndani ya mirija kabla ya kukutana na makaa, na kwa hiyo moto ukawa mkali mno. Magazeti ya Marekani yaliishangilia habari hiyo. Mwezi uliofuata majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wetu, na hapa kwetu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusoma magazeti ya Marekani.

Sasa sikilizeni yanayosemwa leo. Mgeni huambiwa kwamba Wahaya ndio waliovumbua chuma cha pua duniani, miaka elfu mbili kabla ya Wazungu. Inapendeza masikioni, nami natoka Muleba, sina sababu ya kuwapunguzia Wahaya sifa. Lakini wataalamu wengine wa madini waliipinga ile hoja ya hewa kupata joto, na tarehe za kale kabisa, zile za kabla ya Kristo, bado zinabishaniwa. Lisilobishaniwa ni kwamba katika karne za kwanza baada ya Kristo watu waliyeyusha chuma hapa, kwa ustadi mkubwa. Je, hilo halitoshi? Mgeni wa leo ana simu mkononi. Ukimtilia chumvi Katuruka, hata kabla hajamaliza soda yake amekwisha kukusahihisha, na ule ukweli mzuri uliokuwa nao unatupwa pamoja na uongo.

Kuna sababu kwa nini chumvi imekuwa nyingi. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika nchi hii walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Hamhitaji nieleze miaka iliyofuata. Wengi wetu hapa tulilelewa na bibi. Kizazi kilichopaswa kuyapokea maneno ya wazee wa Nyungwe na Katuruka ndicho kilichopungua. Mti wa Kaiija nao haupo tena. Watu wa Katuruka wenyewe, tangu mwaka 2008 hivi, waliinuka wakaunda kamati, wakaanza kuyakusanya masimulizi yaliyobaki na kupaandaa mahali hapo kupokea wageni. Nawasifu sana kwa hilo. Hata hivyo palipo na pengo katika masimulizi, mtu mwenye njaa ya mchana hulijaza kwa alichosoma juzi.

Niache chuma, nije kwenye ndizi, maana hapa uendelevu si neno tu. Wageni hupenda kutembezwa vibanjani: migomba, mibuni chini yake, maharage, na rubisi mwisho wa safari. Mweleza mwenye mbwembwe huchukua panga, akafyeka mgomba ili waone utomvu na magome yake. Makofi. Kisha na panga lile lile anakwenda kibanja cha pili. Ndugu zangu, mnyauko wa migomba uligunduliwa Muleba mwaka 2006, na panga ni mojawapo ya vyombo vyake vya kusafiria. Bakteria anakaa katika utomvu. Mwenye kibanja anapewa shilingi elfu chache za kupitiwa, na msimu ujao hana chakula.

Dawa yake ni rahisi, na ni somo zuri kwa mgeni. Panga lipitishwe motoni au lisafishwe kwa maji ya jiki kabla ya kuvuka mpaka wa shamba. Ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, lisikatwe kwa kisu. Mgeni aliyeonyeshwa kwa nini mama yule anatumia kijiti ameelewa kibanja kuliko aliyepigiwa panga. Aonyeshwe na rweya ng'ambo ya pili, aelezwe kwamba kibanja hakikuwahi kujitosheleza: majani yalikatwa rweya yakatandazwa chini ya migomba, ng'ombe walilishwa rweya na samadi ikarudi nyumbani. Rweya nyingi leo imepandwa mikaratusi na misonobari. Hapo mgeni atauliza mwenyewe, "Basi sasa rutuba inatoka wapi?" Swali hilo likishaulizwa, mweleza amemaliza nusu ya kazi yake.

Kwa upande wa hifadhi sitasema mengi, maana wapo watumishi wenye mafunzo. Ziwa Burigi, ambalo Muleba inapakana nalo, tangu 2019 limo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato yenye kilomita za mraba 4,707. Nasema neno moja tu juu ya jirani yetu Rubondo. Wapo wanaowaeleza wageni kwamba sokwe wa kisiwa kile wamekuwapo tangu kuumbwa kwa dunia. Sokwe wale ni uzao wa sokwe 17 walioletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969 na Shirika la Wanyama la Frankfurt lililoongozwa na Profesa Grzimek. Waliishi vizimbani, wakafunguliwa msituni, wakajifunza upya kujitafutia chakula. Niambieni, ipi ni hadithi tamu zaidi?

Sasa ombi langu. Naomba shule hii iwe mwenyeji wa mkutano wa waeleza wa Bukoba na Muleba, wakati wa likizo, kwa siku tatu. Sitaki hoteli wala bahasha za posho. Mabweni yapo, sufuria zipo, ndizi zipo. Siku moja twende Katuruka, siku moja tukae kibanjani na bwana shamba, na ya tatu tukae katika ukumbi huu tukasomeane tunayowaambia wageni. Sharti liwe moja: kila atakayetoa hadithi aseme aliipata kwa nani, au aliisoma wapi. Asiye na wa kumtaja aiweke hadithi yake kando hadi amtafute.

Wanafunzi wawe makarani. Mwalimu wa historia ameniambia wapo wanaoandika upesi. Wazee wetu walioko hapa, leteni picha za zamani na barua kabla mchwa hawajazisoma. Kama kuna mwenye nakala ya Amakuru ga Kiziba cha Francis Lwamgira, kilichotoka 1949, maktaba ya shule ingeshukuru hata kwa kuazimwa. Kadhalika msituletee wanaume peke yao. Waliokaa ndani ya mushonge usiku wakiwalisha watoto na wagonjwa walisikia mengi ambayo sebuleni hayakusemwa, na mara nyingi hakuna aliyewauliza.

Mwaka huu nimekwenda kuwatafuta wazee sita ambao niliwahi kuambiwa wanajua habari za wahunzi. Nimewakuta wawili.

Katibu ameketi pale karibu na mlango, ana daftari. Kwanza nahitaji majina ya wazee, pamoja na kijiji na jina la mtu wa kunipeleka. Michango ya fedha inaweza kungoja hadi baada ya chakula.